Shajara ya KR200: injini inayotakiwa kuzunguka pande zote mbili

Siku ya 1

Nimeondoa turubai leo asubuhi. Chini yake kuna Messerschmitt KR200: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, na kifuniko cha plastiki angavu kinachofunguliwa kwa ubavuni kama cha ndege. Usukani wake ni mhimili wa mikono miwili. Limekaa bila kuwashwa kwa muda mrefu kuliko umri wa watu wengi watakaosoma haya.

Umbo la ndege lina asili yake. Fritz Fend alianza kwa kuunda vigari vya watu waliopata ulemavu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kiwanda cha Messerschmitt cha Regensburg, ambacho wakati huo kilikuwa kimekatazwa kuunda ndege, kikachukua wazo lake. KR175 ilitoka mwaka 1953, KR200 ikafuata mwaka 1955 na ikaendelea kuundwa hadi 1964. Agosti ya 1955 hiyo hiyo, KR200 iliyoandaliwa kwa mashindano ilikimbizwa saa 24 mfululizo pale Hockenheim kwa wastani wa kilomita 103 kwa saa. Injini ni Fichtel & Sachs ya mipigo miwili, silinda moja ya sentimita za ujazo 191, inayopozwa kwa feni. Inatoa nguvu za farasi 10 hivi. Gari lote lina kilo 230 au zaidi kidogo, kwa hiyo farasi kumi wanalitosha.

Sababu ya kuandika shajara hii ni jambo moja. Gari hili halina gia ya kurudi nyuma. Ukitaka kurudi, unazima injini, unasukuma ufunguo wa swichi ndani zaidi, unawasha tena, na krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka kinyume. Hapo gia zote nne zinakuwa za kurudi nyuma. Ndiyo maana kila kipuri nitakachokishika katika kazi hii nitakiuliza swali moja kabla ya bei na mng'ao wake: utafanya kazi ukizungushwa upande wa pili?

Siku ya 3

Pistoni imeganda. Nimetoa plagi nikamimina ndani mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikaacha. Sipigi kitu nyundo. Ringi iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa inaacha mfereji kwenye ukuta wa silinda, na mfereji huo utaulipia kwa kuchonga hatua mbili badala ya moja.

Siku ya 6

Imeachia. Niliweka gia ya nne nikalisukuma gari mbele kidogo, nyuma kidogo, mara nyingi, hadi nikasikia pumzi ikitoka kwenye tundu la plagi. Jioni injini ilikuwa juu ya meza.

Nilipovua silinda nikapima kwa maikromita ya ndani. Chini, ambako ringi hazifiki, ni milimita 65.02. Juu, usawa wa mlango wa moshi, ni 65.28, na si duara kamili. Kipenyo cha asili ni 65, mwendo wa pistoni ni 58. Basi ringi mpya peke yake haziwezi kusaidia hapa. Silinda itachongwa kwenda 65.5 na kupewa pistoni ya saizi hiyo. Krenki nayo ina mchezo kwenye beringi ya chini ya konrodi: ukiivuta juu na kuisukuma chini unasikia mgongano mdogo. Mchezo wa kushoto na kulia unaruhusiwa, lakini wa juu na chini hauruhusiwi hata kidogo.

Siku ya 9

Leo sikushika spana. Nilikaa na karatasi nikachora, maana nilitaka nielewe kwa nini injini hii inakubali kugeuzwa kabla sijaanza kuagiza vitu.

Kwenye injini ya Sachs mlango wa kuingizia hewa na petroli unafunguliwa na kufungwa na sketi ya pistoni yenyewe. Pistoni ikipanda, ukingo wake wa chini unaufunua mlango, ikishuka, unaufunika. Pistoni haijui krenki inazunguka kulia au kushoto: kupanda ni kupanda, kushuka ni kushuka. Milango ya kupitishia, ile inayopandisha mchanganyiko juu ya pistoni, na mlango wa moshi vivyo hivyo. Muda wa milango yote unalingana pande zote mbili za kilele cha mwendo.

Linganisha na injini za Vespa za miaka ya 60 ambazo duara la krenki lenyewe limekatwa ili kufungua mlango wa kuingizia. Huko mkato umepangwa mlango ufunguke mapema na ufungwe kwa wakati wake, kwa upande mmoja tu. Ukiizungusha kinyume, mlango unafunguka wakati usiofaa na mchanganyiko unatemwa nje kupitia kabureta.

Kilichobaki kisicholingana kwenye Sachs ni cheche. Cheche lazima ije kabla pistoni haijafika juu, na "kabla" ya mzunguko mmoja ni "baada" ya mzunguko mwingine. Ndiyo maana waliweka seti mbili za pointi, yaani swichi ndogo zinazoachia cheche kwa wakati wake: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Na mashine inayowasha injini, Dynastart, ni mota na jenereta kwa pamoja, imefungwa moja kwa moja kwenye krenki. Ukigeuza umeme unaoingia, inazunguka kinyume bila gia yoyote ya ziada. Nimeutazama mchoro huo kwa muda mrefu. Ni kazi safi sana.

Siku ya 14

Pistoni. Zimefika mbili mezani, na hapa nimetumia siku nzima.

Ya kwanza ni ya muundo wa asili, ya kusubu, 65.5. Ya pili ni ya pikipiki nyingine, kipenyo hicho hicho, pini ya unene huo huo, imefuliwa kwa kugandamizwa badala ya kusubiwa. Muuzaji aliniambia ni imara zaidi, na kweli ni imara zaidi. Lakini nilipopima kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni, ile ya pili ilikuwa fupi kwa milimita 1.5. Kwenye injini ambayo pistoni ndiyo inayofungua milango, milimita moja na nusu inabadilisha muda wa milango inayofunguliwa na ukingo wa juu wa pistoni: wa moshi na ile ya kupitishia inafunguka mapema na kufungwa kwa kuchelewa, na mgandamizo unashuka.

Halafu kuna mambo mawili zaidi. Aluminiamu inayotumika kwa pistoni za kufuliwa mara nyingi ina silikoni kidogo, inatanuka zaidi ikipata joto, hivyo inahitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi itagongagonga. Na tundu la pini la pistoni hii ya pili halikuwa katikati kabisa. Limesogezwa upande mmoja kwa makusudi, ili pistoni isigonge inapobadilisha upande wa kuegemea ukuta. Hiyo ni hila nzuri kwa injini inayozunguka upande mmoja. Ikizungushwa kinyume, upande wa kuegemea unahama, na ile hila inageuka kuwa kero. Ya asili nimeipima: pini iko katikati.

Nimechagua ya asili. Naona watu wengi wakishauriana kuchukua "iliyo imara zaidi" bila kupima kimo chake, na mimi siwezi kukubaliana nao. Pistoni ya injini ya mipigo miwili ni pistoni na ni valvu kwa wakati mmoja.

Siku ya 17

Silinda imerudi kutoka kuchongwa. Nafasi kati yake na pistoni ni milimita 0.07, kama mtengenezaji wa pistoni alivyoandika kwenye karatasi yake. Mafundi wa kuchonga hupenda kuuliza "niache kiasi gani?" Jibu langu ni moja: nakupa pistoni mkononi, upime hiyo.

Kingo za milango zilikuwa kali kama wembe baada ya kuchongwa. Nimezipitia zote kwa jiwe dogo la kunolea hadi kidole kikapita bila kukwama. Ringi ikipita mbele ya mlango hufura nje kidogo, na ukingo mkali utaikamata. Kisha nikaosha silinda kwa maji ya moto na sabuni, nikarudia, hadi kitambaa cheupe kilipotoka cheupe. Petroli peke yake haiondoi unga wa jiwe la kuchongea, inausambaza tu. Mwanya wa ringi ndani ya silinda: 0.25. Nimeridhika.

Siku ya 21

Krenki imekwenda kwa mzee mkereza vyuma. Hii ni krenki ya vipande vilivyobanwa kwa presi: mapande mawili mazito, pini katikati, konrodi juu ya pini. Haiwezi kufunguliwa kwa spana. Inasukumwa na presi, konrodi mpya na beringi mpya ya sindano zinawekwa, kisha inabanwa tena na kunyooshwa.

Nilimwuliza kama anaweza kuifanya ikiwa mimi sipo. Akaniambia, "Mwanangu, leta na beringi zake. Nikiinyoosha bila beringi utakazofunga, nitakuwa nimenyoosha kitu kingine." Nikarudi kuzichukua.

Beringi za krenki nimechagua zenye alama ya C3, yaani zenye nafasi ya ndani kubwa kuliko ya kawaida. Nyumba ya aluminiamu inapopoa huikaba beringi, na chuma cha krenki kikipata joto kinatanuka kutoka ndani. Ile ya kawaida ingebanwa pande zote mbili. Beringi ya mpira wa chuma haijali upande wa kuzunguka. Hapo swali langu lilijibiwa kwa haraka.

Tulipoiweka kati ya ncha mbili na kuizungusha chini ya geji ya saa, sindano ilicheza 0.06. Mzee aliipiga pande moja kwa nyundo ya shaba, akazungusha, akapiga tena, akakaa kimya, akazungusha. Mara ya tano ikasoma 0.02. Nikamwambia, "Asante sana, Mzee." Akainua kidole: bado. Alipiga mara moja zaidi, polepole, ikashuka chini ya 0.02. Ndipo alipoinyanyua kutoka kwenye mashine.

Siku ya 26

Sili za krenki, yaani vizibo vya mpira vya kuzuia uvujaji, na kosa lililokaribia kunipita.

Kwenye injini ya mipigo miwili chemba ya krenki ni pampu. Hewa na petroli vinavutwa humo, vinagandamizwa, vinapandishwa juu. Sili ya upande wa Dynastart ikivuja, inaingiza hewa ya ziada, mchanganyiko unakosa petroli na oili, na pistoni inayeyuka. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inakunywa oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito wa buluu. Vipande viwili vidogo vya mpira, lakini injini yote imeegemea kwavyo.

Nilizoletewa zilikuwa za mpira mzuri, FKM, ule wa rangi ya kahawia unaovumilia joto na petroli yenye ethanoli kuliko NBR, mpira mweusi wa kawaida. Kipenyo sawa, unene sawa. Nilikuwa nimeshaipaka moja grisi nilipoona mshale mdogo kwenye uso wake. Nikaipeleka dirishani. Nyuma ya mdomo wake kuna matuta membamba yaliyolala kimshazari, kama nyuzi za skrubu. Kazi ya matuta hayo ni kurudisha ndani oili inayotaka kutoka, krenki inapozunguka upande wa mshale. Ikizunguka kinyume, matuta yale yale yanaisukuma oili nje.

Kwa gari lingine lolote ningezifunga na zingedumu. Kwa hili hapana. Nimezirudisha na kuagiza zenye mdomo laini usio na matuta, FKM hiyo hiyo. Muuzaji alishangaa kwamba naomba kitu kilicho "duni" zaidi. Nilipomweleza sababu, alinisikiliza hadi mwisho na akatafuta mwenyewe kwenye katalogi.

Siku ya 33 na 34

Umeme wa cheche. Nilikuwa na mfumo wa kielektroniki umekaa kwenye kabati kwa ajili ya gari hili, na nilitamani sana kuufunga. Hakuna pointi za kuchakaa wala kondensa ya kufa njiani. Lakini una kihisi kimoja kinachosoma sumaku moja. Nikiipanga cheche ije kabla ya kilele kwa mzunguko wa kwenda, kwa mzunguko wa kurudi itakuja baada ya kilele kwa pembe ile ile. Injini haitarudi nyuma. Ingebidi viwe vihisi viwili na swichi ya kuchagua kati yao, na wakati huo nitakuwa nimeunda upya kile ambacho seti mbili za pointi zinafanya tayari.

Pointi zinabaki. Nimebadilisha seti zote mbili, nikaweka mwanya 0.4, nikapaka tone la grisi kwenye kitambaa kinacholamba kamu. Muda nimeupanga kwa geji ya saa kwenye tundu la plagi na taa ndogo ya betri kwenye pointi: nazungusha krenki mbele polepole hadi taa inapobadilika, nasoma geji, nasogeza sahani, narudia. Kisha nazungusha kinyume na kufanya yale yale kwa seti ya pili. Ilinichukua saa nne. Kila ukikaza skrubu, sahani inasogea unywele mmoja.

Kondensa nimezipima zote, mpya na za zamani. Mbili kati ya mpya nne zilikuwa zinavuja umeme zikipashwa joto. Nimezitupa.

Brashi za Dynastart: nimefunga msasa wa kioo kuzunguka komyuteta (duara la shaba ambalo brashi huegemea), uso wa kukwaruza nje, nikaizungusha krenki kwa mkono mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi uso wa kila brashi ukapata mviringo kamili. Msasa mweusi wa chuma situmii hapo, maana unga wake unaweza kupitisha umeme.

Siku ya 40

Nimefunga injini na kuipima kwa hewa. Nimeziba mlango wa moshi na wa kabureta kwa vipande vya mpira na bamba, nikapampu hadi shinikizo la ba 0.4. Ilishuka hadi sifuri kwa dakika moja.

Povu la sabuni likaonyesha ni sili ya upande wa Dynastart. Sili mpya, mpira mzima. Niliivua, nikapitisha ukucha kwenye krenki: kuna mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani kwa miaka yake yote ya kazi, na mdomo mpya umekaa humo humo. Nimeifunga sili nyingine milimita moja na nusu nje zaidi, ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijaguswa. Tulipaswa kuliona hili krenki ikiwa bado kwenye mashine ya mzee. Sikuliona mimi.

Siku ya 41

0.4 ba, dakika sita, sindano haikusogea.

Kabla ya kurudisha Dynastart nimesaga tepa ya krenki, ile ncha yake iliyochongoka, na tundu lake kwa pesti ya kusagia valvu hadi rangi ya kijivu ilipoenea pote. Watu hudhani nati ndiyo inayoshika, au ile kabari ya nusu mwezi. Kinachoshika ni tepa. Kwenye injini inayogeuzwa, kila ukiwasha upande wa pili, uzito wote wa rota unavuta kinyume, na tepa iliyokaa vibaya itaikata kabari.

Siku ya 47

Kabureta ya Bing ilikuwa na ukoko wa kijani. Imesafishwa, sindano na floti ni mpya, jeti kuu ni ya namba ya asili. Klachi na mnyororo vilikuwa vizima, nimeviosha tu.

Oili nimefikiria zaidi. Kitabu kinataka 1:25, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Hiyo ilikuwa kwa oili za miaka ya 50, na oili za sasa ni bora kwa mbali. Hata hivyo naanza na 1:25 hadi ringi zikae. Nikipunguza baadaye, nitakumbuka kwamba oili ikipungua kwenye mchanganyiko, petroli inayopita kwenye jeti ile ile inaongezeka, kwa hiyo jeti itabidi iangaliwe upya.

Siku ya 52

Imewaka! Dynastart iliguna mara moja, ikashika, na injini ikaitikia mzunguko wa tatu. Moshi mwingi mwanzoni, oili niliyoiacha humo wakati wa kufunga. Dakika mbili, nikazima, nikaacha ipoe kabisa. Mara tatu hivyo. Kisha nikalitoa gari nje, gia ya kwanza, ya pili, bila kukanyaga sana.

Sikujaribu kurudi nyuma. Nilitaka kwanza ringi zijue ukuta wao.

Siku ya 55

Kilomita 40 za taratibu zimeshapita. Leo nimesimama mwisho wa njia, pua ya gari ikitazama ukuta. Nimezima. Nimesukuma ufunguo ndani. Rilei zimelia "tak", nikageuza, na sauti iliyotoka ni ile ile, hakuna mtu angeweza kuitofautisha. Gia ya kwanza, klachi polepole, na KR200 ikaondoka kinyumenyume, mita kumi, kumi na tano. Nikazima, nikawasha ya mbele, nikarudi pale pale ukutani. Nimefanya hivyo mara nane.

Jioni nimevua ekzosi na kabureta nikamulika tochi kwenye milango yote miwili. Sketi ya pistoni upande wa moshi ni safi, alama za jiwe la kuchongea bado zinaonekana ukutani. Upande wa kabureta vivyo hivyo, hakuna mkwaruzo hata mmoja wa wima. Plagi ni ya kahawia. Sili ya upande wa Dynastart ni kavu. Nimeipitisha kitambaa cheupe na hakikupata doa. Kesho naanza kifuniko cha plastiki, kina ufa karibu na bawaba.